Sekretari na Mashine Iliyofundishwa Kiswahili

Mlabani nzima, mtaa wetu wa Ifakara, ilimwita Sekretari, hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kuacha kazi ya usekretari. Muuza vitumbua alimwita hivyo, katekista alimwita hivyo, na binti yake akinipigia simu kutoka Morogoro alikuwa anauliza, "Sekretari ameshindaje?" kama anayemuulizia bosi wake. Mimi nimeishi mahali pengi tangu nimalize kidato cha nne. Nimekaa Mahenge, nimekaa Tunduma, nimeuza betri za sola Malinyi, nimekuwa utingo wa lori la mpunga. Katika watu wote niliowahi kukaa nao chumba kimoja, sijaona aliyefungwa na kitu kama yeye alivyofungwa na kompyuta moja ya zamani. Mwaka jana madaktari walimwambia nyonga yake ya kulia imelika, na kwamba inabidi aende Morogoro akafanyiwe upasuaji kabla hajashindwa kutembea kabisa. Akasema hawezi kwenda. Akienda, nani atawasha mashine?

Ukimsikia tu unaweza kudhani ni ukaidi wa uzee. Haukuwa ukaidi, au haukuwa huo peke yake.

Nilimkuta akiwa tayari ameacha kazi, miaka ya tisini ikiisha. Alikuwa amepiga chapa muda mrefu katika ofisi moja ya miwa kule Kidatu, na ofisi ilipoleta kompyuta mpya walimruhusu aondoke na zile kuukuu. Akazifunga kwa magodoro, akazipandisha kwenye lori tupu lililokuwa linakuja Ifakara kuchukua mpunga, akazishusha kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Upande mmoja akapanga taipureta, upande wa pili kompyuta, katikati akaacha njia nyembamba ambayo yeye peke yake aliweza kuipita bila kugonga meza. Akafungua darasa. Sisi tuliomaliza shule na hatujui pa kwenda tulipelekwa kwake na wazazi wetu, ambao waliamini kwamba mtu anayejua kompyuta hatalima tena.

Alikuwa mfupi, mwenye miwani mikubwa iliyoning'inia kwa kamba ya viatu, na mgongo ulionyooka hata akiwa anapepeta mchele. Hakuruhusu mtu aegemee kiti. Hakuruhusu pia mtu aketi kabla salamu hazijaisha, na salamu zake zilikuwa ndefu. Ukishaamkia, anakuuliza nyumbani, anakuuliza shamba, anakuuliza kama mto umepanda, anakuuliza kuhusu bibi yako ambaye wewe mwenyewe umesahau kumuulizia. Mwanafunzi mmoja aliyetoka Kidatu, kijana mtanashati wa viatu vyeupe, aliwahi kumwambia kwamba kwa salamu hizo kompyuta zitazeeka kabla hatujaziwasha. Sekretari akamjibu kwamba kompyuta zimekwisha kuzeeka, kwa hiyo hazina haraka, na akaanza kumsalimia upya kutoka mwanzo.

Lakini ukishaketi, mtu huyohuyo aliyekuwa na subira ya kuulizia kuku wa jirani anakuwa bahili wa ajabu. Ubahili wake ulikuwa wa kumbukumbu ya mashine. Wanaotumia simu za leo hawawezi kuelewa shida ile, kwa hiyo nitaieleza kama alivyotueleza yeye. Kompyuta za DOS zilikuwa na kioo cheusi na maandishi meupe. Ukiwasha, mashine inasoma faili moja au mawili ya kuwashia, mstari kwa mstari, na kila mstari unaamsha programu fulani ndogo: ya kibodi, ya printa, ya hiki na kile. Kila inayoamka inachukua sehemu ya kukaa. Na sehemu ya kufanyia kazi ilikuwa na mpaka, kilobaiti mia sita na arobaini, hata kama mashine ina kumbukumbu nyingine nyingi pembeni. Ukiamsha nyingi mno, programu ya kuandikia barua inagoma kuingia.

Siku ya kwanza hakutufundisha chochote kuhusu kompyuta. Alituuliza tukihamia shamba tunabeba nini. Sote tulijua jibu. Katika bonde letu mvua zikianza, familia inafunga nyumba ya mjini, inahamia kwenye mpunga, inalala kibandani karibu na dungu, lile jukwaa la kufukuzia ndege, mpaka mavuno. Tukataja sufuria, jembe, chandarua, chumvi, kiberiti, redio. Akauliza kama kuna anayebeba kabati la vyombo. Tukacheka. Akauliza kama kuna anayebeba makochi. Tukacheka zaidi.

"Basi anayewasha kompyuta anahamia shamba," akasema. "Sasa fungueni faili la kuwashia muone jinsi ofisi ilivyokuwa inahama na makochi."

Kweli, mafaili yale yalikuwa yamejaa mistari ya vitu ambavyo hakuna aliyevitumia. Tulikuta programu ya kibodi ya nchi ya Ulaya ambayo hakuna kati yetu aliyejua iko wapi. Tulikuta ya mashine ya kutuma nukushi, ambayo hatukuwa nayo. Tulizifuta kwa furaha ya watu wanaofagia nyumba ya mwenzao. Yule kijana wa viatu vyeupe alilalamika tulipofika kwenye kipanya. Alisema mjini kompyuta isiyo na kipanya ni aibu, na kwamba yeye amelipiwa asome kompyuta na si taipureta yenye kioo.

"Mwanangu," Sekretari akamwambia, "kwenu mnaweka panya ghalani?"

"Hapana, mama."

"Mimi pia siweki."

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Yule kijana aliitwa Panya mpaka anamaliza kozi, na aliendelea kuitwa hivyo hata alipopata kazi ya ukarani, kazi ambayo alitumia kipanya kutwa.

Ilikuwepo sehemu nyingine ya kumbukumbu, ya juu, iliyobaki vipandevipande. Sekretari aliiita darini. Ukiwa na ujanja unaweza kupandisha programu ndogo huko na kuacha chini wazi. Ila darini kwenyewe kulikuwa na mashimo ya ukubwa tofauti, na programu zilikuwa na tabia zao. Kuna inayodai nafasi kubwa wakati wa kuingia, halafu ikishakaa inajikunja na kuwa ndogo, kama yule mzee anayepanda basi na mwamvuli, kuku na begi, mkadhani hamtamuweza, kisha akikaa anapotea. Hiyo lazima iingie kwanza. Ukitanguliza vidogo, yule mzee anabaki mlangoni. Kwa hiyo amri yake ilikuwa moja: mkubwa kwanza.

Mezani kwake amri iligeuka. Mdogo ndiye aliyepakuliwa kwanza. Jumamosi alipopika wali na kambale, watoto wa jirani walikula, kisha sisi wanafunzi, kisha wageni, na yeye akakomba sufuria akiwa amesimama. Niliwahi kumwambia kwamba anavunja sheria yake mwenyewe. Alinitazama juu ya miwani, akasema mashine haina njaa.

Msemo wake mwingine ulikuwa: badilisha kimoja, washa, ngoja. Hakuna kilichomkera kama mwanafunzi aliyegusa mistari mitatu kwa pamoja, kwa sababu mashine ikikataa kuwaka hutajua ni mstari gani uliokukosesha. Mimi nilikuwa mkosaji mkubwa wa sheria hiyo. Nilikuwa na haraka ya kufika mahali ambapo sikupajua. Yeye aliitumia sheria hiyo hata nje ya darasa. Muuza vitumbua, ambaye kibanda chake kilikuwa mbele ya baraza yetu, aliwahi kuja akilia, akasema wiki ile anahama nyumba, anahama kanisa na anamrudisha mama mkwe kwao Kiberege. Sekretari akampa kiti, akamwambia abadilishe kimoja kwanza halafu asubiri aone. Yule mama alifikiri, akahama kanisa. Mpaka leo anaishi na mama mkwe wake, na nasikia wanaelewana vizuri, ingawa katika kanisa lake jipya hawaelewani naye kabisa.

Mtu wa namna hiyo, mwenye kutupa kila kisichohitajika, ungetegemea nyumba yake iwe tupu. Ilikuwa imejaa. Chini ya kitanda palikuwa na makopo ya utepe wa taipureta yaliyojaa vifungo, na vifungo vyenyewe havikulingana. Alikuwa na miavuli mitano mibovu. Alizichukia simu za kisasa kwa sababu, alisema, zinaamsha mambo bila kukuonyesha. Yeye alitaka kuona kila mstari ukipita kiooni, na wakati mashine inawaka aliweka kiganja juu ya kasha lake, kimya, mpaka mistari imalizike. Kama mstari mmoja ulichelewa, alijua ni upi hata akiwa ametazama dirishani.

Sasa nimfikie mdogo wake.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kiberege, na alikuwa haoni. Alisomesha historia na nyimbo, kwa kichwa, na watoto walimwogopa kwa sababu alimtambua kila mtu kwa hatua zake. Shida yake ilikuwa moja. Kila alichotaka kiandikwe ilibidi amtamkie mtu. Na watu, alisema, hawawezi kuandika maneno ya mwenzao bila kuyarekebisha. Alikuwa amempenda mwanamke fulani, mshonaji wa hapohapo Kiberege, akamwomba mwalimu mwenzake amwandikie barua. Mwenzake akaandika, akaongeza na salamu zake mwenyewe mwishoni, na mistari kuhusu uzuri wa macho ambayo mwenye barua hakuitamka. Mwanamke akajibu kwa kuuliza huyo anayemsifia macho ni yupi kati yao. Mdogo wake Sekretari aliisimulia habari hiyo kwa kucheka, lakini alipomaliza kucheka alisema kitu ambacho sijakisahau, kwamba hajawahi kumwambia mtu jambo kwa barua bila kuwepo shahidi.

Wakati huo kuna wageni waliopita misheni wakaacha kisanduku cha sauti. Unakiunganisha nyuma ya kompyuta, unawasha programu yake, na kinasoma kilichoandikwa kiooni. Sekretari alikipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Lakini kisanduku kilijua Kiingereza tu. Kilisoma Kiswahili kama Mzungu mwenye mafua anayesoma akiwa juu ya baiskeli kwenye barabara mbovu. Mwalimu wa Kiberege alisikiliza barua yake mwenyewe, akatikisa kichwa, akasema hiyo inaweza kuwa barua ya mtu yeyote.

Palikuwa na mahali pa kukifundisha. Unaandika neno, kisha unaandika jinsi linavyotamkwa, kwa herufi za Kiingereza. Ili kiseme mwalimu kama watu, ilibidi aandike mwah-lee-moo. Anaandika, anasikiliza, anabadilisha herufi moja, anasikiliza tena. Tuliokuwa barazani tulisikia chumba kikiita mwalimu, mwalimu, mwalimu, mpaka mpita njia mmoja akaingia kuuliza mwalimu gani anayetafutwa.

Na hapo ndipo ubahili wake ulipopata kazi ya kweli. Kila neno alilokifundisha lilikula kumbukumbu. Neno moja ni punje, lakini gunia ni punje. Programu ya sauti iliingia, kamusi yake ikaingia, halafu programu ya kuandikia ikagoma. Sekretari akaanza kutoa. Alitoa kile kilichosaidia printa ifanye kazi pembeni, akapunguza kile kilichofanya diski iwe ya haraka, akapandisha darini kila kilichopandika. Mashine ikawa nzito kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Hakujali. Kila alipopata upenyo mdogo aliongeza neno, na yeye na mdogo wake wakagombana neno lipi lina haki ya kuingia. Mdogo alitaka maneno ya masomo na ya kanisa. Dada alimwingizia kambale.

"Kambale wa nini, dada? Siandiki barua kwa samaki."

"Utaandika siku ukiwa na njaa."

Mvua za masika zote walifanya hivyo, kila Jumamosi, yeye akibadilisha kimoja na kuwasha na kungoja. Siku mashine ilipokubali vyote pamoja, sauti na kamusi na programu ya kuandikia, alitoka barazani akiwa ameshika kitambaa cha kufutia kioo, akamwambia muuza vitumbua kwamba amepata nafasi. Yule mama akampa mkono wa hongera na kumuuliza ni kazi ya wapi.

Mdogo wake, ambaye dada alikuwa amekwisha kumfundisha kupiga chapa kwa kupapasa, aliketi kuandika. Sote tulikuwa chumbani, na hakuna aliyekuwa amefikiria jambo moja: mashine ilitamka kwa sauti kila neno alilomaliza. Kwa hiyo ikasema, mbele ya darasa zima, kwa ile pua yake ya Ulaya, "Mpenzi." Kisha ikasema, "Nimekukumbuka." Panya alijificha chini ya meza kwa kucheka. Sekretari hakucheka. Alitufukuza sote tukale vitumbua, akafunga mlango, na wiki iliyofuata akapata vile vya kuvaa masikioni, sijui kwa nani. Barua ile iliandikwa bila shahidi. Yule mshonaji akakubali, na ndiye mke wake hadi leo.

Miaka ilienda. Mimi niliondoka Ifakara, nikarudi, nikaondoka. Kila niliporudi nilipita Mlabani, na kila nilipopita darasa lilikuwa dogo zaidi. Zilikuja intaneti kafe, kisha simu. Kompyuta nyingine za Sekretari zilikufa moja baada ya nyingine, na zikageuka meza za kuwekea vyungu. Ilibaki ile inayosema. Betri yake ya ndani ilikufa, ikawa kila ikizimwa inasahau hata diski yake. Kuiwasha kukawa ni kazi: unaingia kwenye mipangilio, unaieleza ina diski ya namna gani, unaipa tarehe, halafu unakaa na kusikiliza. Ni yeye tu aliyeiweza. Kila Jumamosi mdogo wake alikuja kutoka Kiberege, akaandika, akala, akaondoka. Kwa sababu hiyo Sekretari hakuwahi kulala nje ya Ifakara. Harusi ya binti yake Morogoro alikwenda na kurudi kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Ndipo nyonga ikaja. Binti yake alinipigia nikiwa Malinyi. Alinieleza habari za rufaa, na kwamba mama ameshakataa tarehe ya kwanza, na akikataa ya pili hajui kitakachotokea, maana sasa anakwenda chooni kwa kushika ukuta. "Kaka," akaniambia, "wewe ulisoma kwake. Nenda akufundishe kuiwasha. Akijua kuna mtu anayeiweza, ataondoka." Sikuwa na hakika naiweza, lakini nilipanda basi.

Nilimkuta Ijumaa, amekaa kwenye kigoda, fimbo mapajani. Alikuwa amekonda. Salamu hazikupungua hata kidogo. Ziliisha ndipo akanionyesha mashine kwa ncha ya fimbo. Nilijaribu jioni ile, na Jumamosi asubuhi nikajaribu tena. Niliieleza diski, niliipa tarehe. Alikuwa amelifuta faili la kuwashia kwa makusudi, akataka niliandike upya, maana alisema mtu anayejua kubonyeza tu atakwama siku ya kwanza mambo yakiharibika. Niliandika. Nikawasha. Mistari ikapita, kisha kisanduku kikakaa kimya.

"Umetanguliza nini?" akauliza.

Nikamwambia.

"Ndiyo maana mzee yuko mlangoni. Wewe ulikuwa na haraka, na bado unayo."

Nilikuwa najaribu mara nyingine bodaboda iliposimama nje. Mdogo wake akaingia, mvi kichwani, shati limenyooshwa, akamwamkia dada yake. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Hizo ni hatua za yule kijana wa zamani," ingawa nilikuwa nimekaa na sikupiga hatua yoyote; nadhani alisikia nilivyokuwa nagonga kibodi. Akauliza kwa nini leo mimi ndiye ninayewasha. Sekretari akasema, upesi kuliko kawaida yake, kwamba nafanya mazoezi tu.

Nilimtazama akijaribu kunyanyuka amwekee mdogo wake kiti. Aliinuka nusu, akarudi chini, akameza maumivu bila sauti ili asisikike. Nikashindwa kukaa kimya.

"Mwalimu," nikasema, "mama ameitwa Morogoro kwenye upasuaji. Hataki kwenda kwa sababu ya mashine yako."

Mwalimu akageuza uso upande wa kigoda. "Uliniambia madaktari wameahirisha."

"Wameahirisha," Sekretari akasema.

"Dada."

"Wakiahirisha wao au nikiahirisha mimi kuna tofauti gani?"

Mwalimu aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa simu kubwa ya kioo, akaiweka mezani juu ya kibodi na kuigusa. Ikaanza kusema. Ilisema haraka kama dalali mnadani, Kiswahili safi, saa ngapi, ujumbe kutoka kwa nani, chaji imebaki kiasi gani. Akaipapasa kwa vidole viwili, ikasoma ujumbe wa mkewe wa asubuhi ile, kwamba asisahau kununua sindano za cherehani.

Sekretari aliitazama simu ile kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. "Unayo tangu lini?"

"Zamani."

"Zamani lini?"

"Zamani, dada. Mwanangu alininunulia. Naandikia humu kila kitu."

"Na barua unazokuja kuandika hapa?"

"Naziandika nyumbani. Halafu nakuja kuziandika tena."

Sikujua nitazame wapi. Sekretari akamwita mdogo wake mwongo mkubwa. Mwalimu akamuuliza ni nani aliyemfundisha uongo katika nyumba hii ya madaktari wanaoahirisha.

"Lakini kwa nini?" Sekretari akasema. "Nimekaa na hiki kidude. Nimekosa hata harusi ya mwanangu kuicheza vizuri. Kwa nini usiseme?"

"Ningesema nini? Kwamba siihitaji? Ungeniambia basi nisisumbuke na nauli ya kuja." Alikuwa anaongea taratibu, uso wake uko upande wa dirisha. "Halafu nilikuwa nakusikia ukiiwasha. Unaweka mkono juu yake, unanyamaza. Nikasema, dada amebaki na darasa la mwanafunzi mmoja. Nikiacha kuja, atafundisha nani?"

Sekretari alinyoosha mkono, akaivuta simu karibu. Akamwambia mdogo wake aifanye iseme mwalimu. Ikasema. Akataka mpenzi. Ikasema. Akafikiri kidogo, akataka kambale, na simu ikasema kambale vizuri kabisa, kama mvuvi wa Kilombero.

"Nani kaifundisha?"

"Ilikuja nayo."

"Mengi?"

"Yote, dada."

"Yote," akarudia. Akaondoa mkono juu ya simu. Niliona uso wake ukipita mahali pagumu, kwa maana yale yalikuwa maneno aliyoyanunua moja moja kwa masika nzima, akiyatafutia pa kukaa, na sasa yanakuja bure kwenye mfuko wa shati. Nikaogopa nimevunja kitu. Kisha mabega yake yakashuka. Alicheka, kwanza kidogo, halafu mpaka miwani ikateleza, na mdogo wake akacheka naye, na kila mmoja alipotaka kunyamaza mwenzake alisema "wameahirisha" au "naziandika tena" na wakaanza upya. Muuza vitumbua aliingia kuuliza kuna nini. Hakuna aliyeweza kumweleza.

Alikula kwanza siku hiyo. Mdogo wake ndiye aliyempakulia, kwa kupapasa, na alimjazia sahani mpaka wali ukamwagika. Baada ya kula, akaniagiza niandike kwa binti yake kwamba anakuja na tarehe ya pili isipite.

Niliondoka naye kwenye basi la Morogoro. Kiti cha dirishani, mto chini ya nyonga, fimbo kati ya magoti. Alianza kunisimulia mashamba tuliyoyapita, nani alilima wapi, nani aliuza kwa nani, na sauti ikaendelea kupungua. Kabla hatujafika Kiberege kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, miwani kifuani.

Kiberege basi lilisimama, na mdogo wake akapanda. Mkewe alimshika mkono mpaka ngazini, akamkabidhi kwangu. Alikuwa amevaa koti, na begi begani, kwa sababu yeye ndiye aliyejitolea kukaa hospitalini na dada yake mpaka atembee. Nilimpisha akae karibu naye. Alishika fimbo ya dada yake isianguke.

"Amelala?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Amelala."

"Kweli au anajifanya? Huyu hajawahi kulala mbele ya mtu."

Basi likaondoka kuelekea Kidatu. Mwalimu aliinamisha sikio, akasikiliza. Mama alikuwa anakoroma, polepole, bila wasiwasi wa kitu chochote.

"Basi msimwamshe," akasema, akafunga koti lake.